Milimita Sita za Karatasi

Bi Wino aliingia katika duka la vifaa vya safari akiwa amening'iniza begani bomba la kuhifadhia ramani, na kitu cha kwanza alichoomba ni kiti. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza maneno tangu asubuhi. Binti yake, muuguzi aliyebadilishana zamu na wenzake ili apate siku mbili za kumzungusha mama yake, akamsogezea kile kiti kifupi ambacho wateja hukalia wakijaribu viatu.

"Shikamoo mama," muuzaji akasema.

"Marahaba mwanangu. Nataka kifaa cha GPS, cha kushika mkononi."

"Cha kutembea kwa miguu au cha garini?"

"Kwa vyote. Nitakwenda na gari mpaka barabara iishe, halafu nitatembea."

Muuzaji akalitazama lile goti lililonyooshwa, akamtazama binti, akameza alichotaka kusema. "Samahani mama, kwani simu haitoshi? Siku hizi simu ina ramani zote."

"Simu yangu mtandao ukikatika inanionyesha karatasi nyeupe. Karatasi nyeupe nimejaza kabati nyumbani."

Basi muuzaji akapanga vifaa vitatu juu ya kioo cha kaunta. Cha kwanza kilikuwa chembamba, kina skrini pana ya kugusa kwa kidole, na kilikuwa kizuri kweli. Hata binti alinyoosha shingo. Bi Wino akakipeleka mlangoni penye jua, akakitazama kwa kukunja jicho moja. Kisha akafungua chupa yake ya maji, akalowesha kidole na kukigusa. Ramani ikaruka huku na huku kama kuku aliyefungiwa chumbani.

"Kule kuna umande," akasema, akakirudisha.

Cha pili kilikuwa kidogo mno, hakina ramani ndani, kina mshale na nambari tu. Hicho akakiita bubu. Cha tatu kilikuwa kinene kama mche wa sabuni, kina vitufe vya mpira, na kinatumia betri mbili za kawaida, zile zile za tochi. Akakipeleka juani. Nambari zikaonekana vizuri kuliko kivulini.

"Sura yake lakini, mama," binti akasema.

"Hata baba yako watu walisema hivyo hivyo."

Muuzaji akacheka, akataka kufunga mzigo. Lakini Bi Wino alikuwa hajamaliza. Kwa kweli alikuwa ndio anaanza. Kifaa ni sanduku tu, akasema, nionyeshe kilichomo. Muuzaji akaeleza kwamba kuna ramani za aina mbili. Ya udereva inajua barabara, njiapanda na vituo vya mafuta, inakwambia kata kulia, kata kushoto, lakini mlima kwake ni uwanja mtupu. Ya kutembea ina vijito, vijia na kontua, ile mistari inayozunguka vilima kuonyesha mwinuko, ila yenyewe haikwambii ukate wapi. Macho ni yako. Zote mbili zinaingia katika kadi moja ndogo kuliko kucha.

"Fungua hiyo ya kutembea. Nenda kaskazini. Tena. Hapo penye kijito, sasa kuza."

Muuzaji akakuza. Mistari ya kahawia ikajaa skrini, na katikati yake kijito cha buluu kikateremka kimenyooka vizuri, mpaka mahali pamoja ambapo kilipinda ghafla, kikafanya kikona kidogo kama sikio la kikombe, kisha kikanyooka tena.

Bi Wino akainama juu ya skrini. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Ramani hii wameinakili wapi?"

"Sijui mama. Nadhani walichukua zile ramani za zamani za karatasi, wakaziingiza kwenye kompyuta."

"Nifungie hii," akasema.

Walipofika kwenye gari binti akamuuliza ameona nini mle ndani. Bi Wino akafunga mkanda kwanza. "Nimeona kosa langu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutana na rafiki wa shuleni.

Kosa hilo lilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Wakati huo ramani zilichorwa kwa mkono. Wachoraji kumi na wawili walikaa katika chumba kirefu cha ghorofa ya pili, kila mmoja na meza yake ya kioo yenye taa chini, na juu ya kioo hicho ikalazwa karatasi angavu ya kuchorea. Kalamu zilikuwa na ncha nyembamba kama sindano. Ukikosea hukufuta kwa raba. Ulichukua wembe, ukakwangua wino taratibu ukiwa umezuia pumzi. Kukohoa kulikuwa na adabu yake: unainua kalamu kwanza, ndipo unakohoa.

Wapimaji ardhi, wale waliolala mahemani na kupanda vilima na vyombo vyao, hawakuruhusiwa kuingia humo na matope yao. Walikabidhi madaftari kwenye kidirisha cha ukutani. Mchoraji asipoelewa kitu katika daftari, aliandika kwenye kikaratasi: "Swali," kisha swali lenyewe. Kikaratasi kilipitishwa kidirishani, kikamfuata mpimaji huko aliko, kikarudi baada ya wiki kimeandikwa "Jibu". Mchoraji akisharidhika alipiga neno moja kwa penseli nyekundu: "Imehakikiwa". Hapo tu ndipo mstari uliruhusiwa kuchorwa.

Msichana mmoja mgeni katika chumba hicho aliuliza maswali kuliko wenzake wote. Tena alikuwa na vidole visivyokauka wino, kwa hiyo kila kikaratasi chake kilifika porini na alama ya dole gumba pembeni. Kulikuwa na mpimaji mmoja mrefu, mwenye mguu mmoja wa suruali ulioingia ndani ya soksi siku zote, ambaye wenzake walimwita Mnyororo kwa sababu ya mnyororo wa kupimia aliokuwa haachani nao. Huyo akaanza kuandika majibu yake hivi: "Jibu: Ni mwamba, si nyumba. Na wewe ni nani unayenitumia alama za vidole kama polisi?" Na kikaratasi kilichofuata: "Jibu: Kijia kinaishia hapo kwa sababu na mimi nilichoka hapo. Salamu kwako Wino."

Jina likashika. Siku moja mlango wa chumba cha wachoraji ukafunguliwa, matope yakaingia, na juu ya matope alikuwa mtu.

"Namtafuta Wino," akasema.

Wino alikuwa katikati ya kuchora kijito. Mkono ukashtuka, kalamu ikapinda, kikona kikazaliwa. Aliumalizia mstari kwanza, akikusudia kukikwangua baadaye, wembe ulikuwa pale pale, lakini mkuu wa chumba alifika kumfukuza mvamizi na hapo hapo akaichukua shiti, ile karatasi ya ramani, kwenda kuchapwa. Wino hakumwambia mtu. Mwaka uliofuata aliolewa na mwenye matope.

Sasa, Mnyororo alikuwa mpimaji hodari na mwongo hodari vilevile. Kazini hakuongeza hata nusu mita. Nyumbani aliongeza kila kitu. Aliwaambia wanawe kwamba nyati aliwahi kutia sahihi daftari lake kwa kwato, na kwamba kuna kilima alikipima kwa kamba za viatu baada ya mnyororo kukatika. Mkewe alikuwa akisikia huku akitia sukari kwenye chai, haulizi kitu. Kwa hiyo jioni moja aliporudi safarini na kusema amejenga nguzo ya mkewe kule juu, nguzo ndogo ya saruji yenye jina lake, mkewe alisema tu, "Pamoja na yule nyati?"

"Saruji ilibaki kwenye ndoo. Ningeimwaga?"

"Wewe na uongo wako."

Mnyororo akageuza ile shiti iliyokuwa mezani, nakala ya ramani aliyoichora mkewe mwenyewe, na nyuma yake akaandika kwa penseli nambari mbili, latitudo na longitudo, mpaka sekunde. "Nenda ukahakikishe," akasema. Tena akaahidi kumpeleka. Lakini kwanza akazaliwa kaka, kisha binti. Kisha zikaja kompyuta, zile meza za vioo zikauzwa, chumba kikawa stoo ya viti vibovu. Kilima kikabaki kulekule, na ahadi ikabaki ahadi.

Miaka miwili iliyopita, akiwa kitandani hospitalini na sauti yake imebaki nusu, Mnyororo aligeuza kichwa akamuuliza: "Ile nguzo yako ushakwenda kuiona?"

"Acha uongo wako, pumzika," mkewe akasema, kwa upendo, kama alivyosema maelfu ya siku. Mnyororo akacheka mpaka akakohoa. Siku mbili baadaye hakuwepo.

Hayo ndiyo yaliyomtoa Bi Wino nyumbani. Maneno yake ya karibu kabisa na mwisho kwa mumewe yalikuwa kumwita mwongo, na hakujua kama yalikuwa kweli. Daktari alikuwa amempangia kupasuliwa goti mwezi unaofuata, na alimwambia waziwazi: baada ya hapo, mama, vilima uwe unaviangalia kwenye kalenda.

Usiku wa kuamkia safari aliziingiza zile nambari mwenyewe, akibonyeza vitufe kimoja kimoja mezani pa kulia chakula. Binti akataka kumsaidia, akapigwa kikofi kidogo cha mkono. Shiti ya zamani akaiviringisha, akairudisha bombani bila kuikagua. Nambari si ziko ndani ya kifaa? Miaka yote alikuwa akichora nukta kwa rula na jicho. Leo kulikuwa na setilaiti za kufanya hivyo. Alijisikia kama mtu aliyepata kijakazi uzeeni.

Asubuhi kifaa kiliwaongoza vizuri. Kililia kila penye njiapanda, binti akakata kulia, akakata kushoto, na mara moja tu kikawaelekeza kwenye barabara ambayo sasa ilikuwa ukuta wa ghala.

"Tupite katikati?" binti akauliza.

"Usikicheke. Waliochora hawakuambiwa ghala linakuja. Mimi najua uchungu wake."

Barabara ikaisha penye daraja la magogo. Bi Wino akabadilisha ramani, akaweka ile ya kutembea, akashika fimbo, wakaanza kupanda. Hapo ndipo binti alipomwona mama yake asiyemjua. Mwanamke ambaye nyumbani alipotea kati ya jikoni na sebuleni akitafuta miwani iliyoko kichwani, hapa alikuwa akisema mambo kabla hayajaonekana. "Sasa hivi mteremko utakuwa mkali, kontua zimebanana." Na mteremko ukawa mkali. "Nyuma ya mwamba ule kuna bonde dogo limelala upande." Lilikuwepo, limelala upande.

"Mama, ulishawahi kufika huku?"

"Sijawahi kukanyaga. Nimepita kwa kalamu."

Walipofika kwenye kijito Bi Wino alisimama muda mrefu. Kilikuwa kimenyooka. Kikona hakikuwepo wala hakikuwahi kuwepo; maji yalipita mahali pake bila habari. Akavuka kwa kushikwa mkono, jiwe kwa jiwe, goti likipiga kelele zake. Ng'ambo ile kifaa kikahesabu mita themanini, arobaini, kumi, kisha kikalia na kuandika: Umefika.

Walikuwa wamesimama katikati ya kichaka cha miiba.

Binti alipasua kichaka kwa fimbo. Alizunguka huku na huku, akainama, akapapasa chini ya majani makavu. Alikuta kiota kilichoachwa na mfuko wa plastiki wa mtu fulani. Baada ya nusu saa akarudi na mikwaruzo mikononi, akamkuta mama yake ameketi juu ya jiwe, kifaa kiko mapajani.

"Labda wameing'oa," binti akasema polepole. "Au mimea imeifunika."

"Au baba yako alikuwa baba yako," Bi Wino akasema.

Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba ni sawa, kwamba mwongo wake alikuwa mzuri hata hivyo, na kwamba wanywe chai kabla ya kushuka. Binti akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Wakanywa bila kutazamana. Kisha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa haina la kufanya, Bi Wino akatoa shiti bombani ili aitazame mara ya mwisho akiwa juu ya ardhi yake. Akaigeuza. Akazisoma zile nambari za penseli. Na hapo mazoea ya miaka ishirini na saba yakamwamsha kama mtu aliyeguswa bega: nambari hizi hakuwahi kuziweka kwenye karatasi. Hata siku moja.

"Nishikie hiyo pembe, upepo usiichukue. Kwenye mkoba kuna rula yangu."

Akapima latitudo kutoka pembezoni mwa ramani, akapima longitudo, akaweka nukta kwa penseli nyekundu. Akaitazama nukta, akautazama mwonekano wa kifaa. Akapima tena. Kwenye kifaa walikuwa wamekaa kaskazini ya kile kikona cha kijito. Kwenye karatasi nukta ilikuwa kusini yake. Kikona ni kile kile, kosa lake mwenyewe, lipo kote kuwili. Haliwezi kusema uongo huku na ukweli kule.

"Milimita sita," akasema.

"Milimita sita ni kitu gani?"

"Kwenye shiti hii ni mita mia tatu za ardhi."

Macho yake yakateremka yenyewe mpaka ukingo wa chini wa ramani, penye maandishi madogo ambayo msomaji wa kawaida hayasomi. Palikuwa na mstari mmoja pale unaotaja msingi wa vipimo. Mstari huo aliuandika yeye, kwa mkono, kwenye kila shiti iliyopita mezani kwake. Zaidi ya mara mia. Aliuandika kama mtu anavyoandika tarehe, wala hakuwahi kujiuliza una kazi gani. Ajabu ya mchoraji aliyeuliza maswali kuliko wenzake wote: hilo hakuliuliza.

Akamweleza binti, huku akibonyeza vitufe haraka. Dunia si duara kamili, ina tumbo na mabonde, kwa hiyo kabla ya kupima lazima wapimaji wakubaliane kuikisia kwa umbo fulani. Wapimaji wa zamani walichagua umbo moja. Setilaiti zikachagua jingine. Nambari ile ile, ukiiweka juu ya misingi miwili, inaangukia mahali pawili. Nambari za baba zilikuwa za msingi wa zamani, na kifaa kilizisoma kwa msingi wake kipya.

"Kwa hiyo kifaa kimekosea?"

"Kifaa kimejibu nilichokiuliza. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya."

Ndani kabisa ya orodha ya mipangilio kulikuwa na majina mengi ya misingi. Akayateremka mpaka akaliona lile lililokuwa ukingoni mwa karatasi, akalichagua, akaziingiza zile nambari upya. Mshale kwenye skrini ukasita, kisha ukageuka taratibu ukawatazama kule walikotoka, ng'ambo ya maji.

"Mama, goti."

"Litanisimanga kesho."

Wakavuka tena. Safari hii binti alimbeba mgongoni kwenye yale mawe mawili ya mwisho, na wote wawili wakacheka kwa kuogopa kuanguka. Walipanda bega la kilima, eneo lililokuwa tupu kabisa, nyasi fupi na anga, hakuna mti wala mwamba. Bi Wino akapunguza mwendo. Mahali hapa alipajua. Kwenye shiti palikuwa peupe, kipande kikubwa kama stempu kisicho na alama yoyote, na kilimkera sana siku zile mpaka akatuma kikaratasi: "Swali: Hapa mbona patupu? Kuna nini?" Katika maswali yote aliyowahi kuyapitisha kidirishani, hilo ndilo pekee ambalo halikurudi. Alipomkumbusha kwa kikaratasi kingine, Mnyororo aliandika, "Hilo nitalijibu nikirudi kule." Mkuu wa chumba akachoka kusubiri, akaamuru pachapwe hivyo hivyo, patupu.

Nguzo ilikuwa ndogo, haifiki gotini. Upande mmoja ulikuwa umeota ukungu wa kijani kavu, na pembe moja ilikuwa imemeguka. Binti aliiona kwanza. Alisogea pembeni akamwachia mama yake hatua zilizobaki.

Bi Wino alipiga goti zima, akaliacha bovu limenyooka. Akasugua ukungu kwa ncha ya mtandio. Herufi zilikuwa zimechorwa kwa kijiti kwenye saruji mbichi, za mwandiko uleule uliolala kushoto, mwandiko wa mtu anayeandikia pajani.

JIBU: WINO.

Alikaa pale mpaka kivuli cha nguzo kikageuka. Aliikagua kwa vidole, herufi moja moja, kama mtu anayesoma shiti kabla ya kuipitisha. Mara moja alisema, si kwa binti, "Kumbe saruji ilibaki kweli." Kisha akaikunjua shiti juu ya nguzo yenyewe, na katikati ya pale peupe, kuizunguka nukta yake nyekundu, akachora kwa mkono usiotetemeka pembetatu ndogo, alama ya nguzo ya mpimaji.

Binti alikuwa ameshika kifaa. "Kinauliza kama tukihifadhi mahali hapa. Nikubali?"

"Kubali."

"Kinataka jina. Niandike la baba?"

Bi Wino akafikiri kidogo, penseli nyekundu bado iko mkononi.

"Andika: Imehakikiwa."